Wafungwe Mara Moja Tu

Jumatatu, 3 Juni

Ta! Mpaka sasa naisikia. Kufuli jipya la shaba, likijifunga kwenye mlango wa chumba changu.

Nasema changu ingawa sijawahi kukaa ndani yake hata kidogo. Ni ile stoo ya zamani ya maabara, ubavuni mwa ofisi ya Mkuu wa shule. Madirisha mawili. Rafu ukutani. Haivuji. Tangu niajiriwe hapa kuwa mkutubi wa shule isiyo na maktaba, nimekuwa nikipita pale kila asubuhi nikipima kwa macho: riwaya huku, kamusi kule, meza ya kusomea chini ya dirisha.

Leo nimemkuta Mkuu mwenyewe akilibana lile kufuli. Nikamkumbusha ahadi yake, kwa adabu zote. Akasema hajasahau, ila mambo yamebadilika. Timu ya mpira ya shule haijafungwa msimu mzima. Kweli imetoka sare mara nyingi kuliko ilivyoshinda, lakini Mkuu halitaji neno sare. Anasema "hatujafungwa" kama mtu aliyeshiba anavyosema "alhamdulillahi".

"Wakimaliza msimu bila kufungwa, hiki ni chumba cha vikombe," akaniambia. "Wakifungwa hata mechi moja, njoo uchukue ufunguo."

Alikuwa anatania. Mimi si mtu wa kutaniwa. Mechi zimebaki tatu.

Nyumbani hali ni mbaya zaidi. Vitabu vya shule vimo kwenye maboksi, na maboksi yako sebuleni kwa Shangazi, ninakoishi. Sebule hiyo hiyo ndiyo karakana yake ya kushonea. Mchana bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kupimwa gauni alijikwaa kwenye boksi la sayansi, akaangukia meza ya kukatia vitambaa. Shangazi hakugomba. Shangazi asipogomba ujue ameshaamua. Amesema mwisho wa mwezi huu maboksi yatoke, la sivyo anamwita mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye siku zote anatafuta karatasi za kufungia misumari.

Misumari. Niliona kwa macho ya moyo mashairi yote yakikunjwa pembe tatu na kujazwa misumari ya inchi mbili.

Kwa hiyo nimeamua. Timu yetu ifungwe. Mara moja tu. Si kwa ubaya.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeanza na kipa. Kipa ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi, na wenzake wanamwita Twiga kwa sababu iliyo wazi. Kijana mwema. Anaweza kushika mpira kwa mkono mmoja na mkate kwa mwingine. Hajawahi kumaliza kitabu maishani mwake.

Hapo ndipo nilipoona upenyo. Nimemchagulia riwaya ya upelelezi: mwenye hoteli ameuawa, wapishi watano, kila mmoja ana sababu yake. Riwaya hiyo imewahi kuniunguzia sufuria. Kichwa kikishajaa wapishi, mpira utapata wapi nafasi?

Sikumwambia asome. Nilimwambia nakiweka tu mezani, asikiguse, huenda kitamshinda. Ilimchoma. Jioni nimemkuta anakula huku anasoma, mkono unatafuta mdomo na kukosea. Shangazi akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto anaumwa. Nikasema anakua.

Nina furaha ya mtu aliyepanda mbegu na kuiona ikichipua siku hiyo hiyo.

Jumamosi, 8 Juni

Moja bila. Tumeshinda.

Mpango ulifanya kazi, na hilo ndilo linaloniuma. Twiga aliingia uwanjani na kitabu ndani ya jezi. Kipindi cha pili, mpira ulipokwenda upande wa pili wa uwanja, alichuchumaa kando ya mlingoti wa goli, akafungua ukurasa wake, akaanza kusoma. Nilikuwa nimekaa na Shangazi kwenye majukwaa. Nilishika mkono wake kwa msisimko. Alidhani naogopa.

Nahodha wa wale wengine akamwona. Akachukulia ni dharau. Sijui aliwaambia nini wenzake, lakini timu nzima ilitoka mbio kuja golini kwetu, mabeki kwa washambuliaji, kila mtu anataka kumfunga yule msomaji yeye mwenyewe. Mmoja akaachia shuti ambalo lingetoboa ukuta. Twiga ndiyo kwanza anasimama, kitabu kifuani. Mpira ukagonga wapishi watano, ukarudi katikati, ukamkuta Sindano, mshambuliaji wetu, peke yake na nusu nzima ya uwanja. Alikwenda akitembea.

Refa alimwuliza mshika kibendera kama kitabu ni sehemu ya mkono. Wakajadiliana. Bao likakubaliwa, Twiga akapewa kadi ya njano kwa kusoma.

Jalada la kitabu limeng'oka. Jioni Twiga amekuja kunililia hali, si kwa ajili ya kadi. Anataka kujua kama mpishi wa keki ndiye muuaji. Nimemfukuza.

Jumatano, 12 Juni

Kosa langu lilikuwa kutegemea mtu mmoja. Safari hii nimevuruga timu nzima.

Lazima nimweleze Kocha. Ni mwalimu wa mazoezi, kifua mbele, filimbi shingoni hata anapokula. Mimi huniita "msomi" kwa sauti ile ile anayotumia kusema "mafua". Hajui jina la mchezaji hata mmoja. Anawaita kwa namba za jezi. Tisa, panda! Nne, kaba! Hata siku ya wazazi alimsalimia Shangazi kwa kumwita mama Moja, na Shangazi, anayeipenda timu hii kuliko cherehani yake, aliitika.

Sasa, namba zimebanduka kwa kufuliwa, na Shangazi amejitolea kushona nyingine za kitambaa. Nilijitolea kumsaidia. Yeye anakanyaga cherehani, mimi nampa jezi na namba yake. Kila jezi ina herufi ya mwenyewe kwenye kola, kwa hiyo kila kijana atavaa yake bila kutazama mgongoni. Kumi, namba ya Sindano, nimeipeleka kwa Kabati, beki wetu mkubwa ambaye akigeuka upepo unabadilika. Nne ya Kabati nimempa Sindano. Zilizobaki nimezichanganya nilivyopenda.

Picha yake ni tamu. Kocha atapiga kelele Kumi apande, na Kabati, mtoto mtiifu, atapanda na kuacha mlango wazi. Shangazi aliniambia hajawahi kuniona nikishughulika na mpira kwa moyo hivi. Akanisugua mgongo. Nikatazama pembeni.

Jumamosi, 15 Juni

Nne bila.

Naomba nieleze polepole, labda nikiandika nitaelewa. Wale wapinzani walikuwa wamekuja kutupeleleza. Wiki nzima mwalimu wao aliwafundisha jambo moja: namba kumi asipumue. Akatenga vijana watatu kwa kazi hiyo tu.

Wakamshika Kabati. Walimzunguka kama wapambe. Akienda kulia wanakwenda kulia, akifunga kamba za kiatu wanasubiri. Kabati, ambaye hajawahi kufuatwa na mtu maishani, alipendezwa mno. Inasemekana aliwauliza wanasoma mchepuo gani. Na Sindano, na nne yake mgongoni, alikuwa huru kama mbuzi kwenye bustani ya watu. Mabao yote ni yake.

Na Kocha je? Kocha alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, Kumi hivi, Nne vile. Hakuna aliyegeuka. Nimegundua leo, nikiwa nimechelewa, kwamba vijana wale waliacha kumsikiliza tangu mwaka jana.

Balaa halikuishia hapo. Shangazi alisimama juu ya benchi la majukwaani akawatangazia watu wazima na watoto kwamba ule mpango wa namba ni akili ya mpwa wake, huyu hapa, mwenye miwani. Watu wakageuka. Nikajaribu kuvua miwani.

Jumatatu, 17 Juni

Mkuu amenipandisha jukwaani mbele ya shule nzima. Amesema vichwa vingine havionekani mpaka viguswe na jambo kubwa. Amenitaja kuwa mshauri wa ufundi wa timu. Wanafunzi wakapiga makofi. Twiga alipiga mluzi. Niliinama kama mtu anayepokea hukumu.

Kocha hakungoja makofi yaishe. Alivua filimbi, akanivalisha shingoni, akasema kwa sauti yake iliyokauka kwamba kama timu ina msomi haina haja naye, mechi ya mwisho atakaa nyumbani kwake apumzishe miguu.

Nilirudi mezani kwangu (meza yangu iko kwenye korido, karibu na choo cha wageni) nikakaa. Kisha wazo likaniingia polepole, kama joto la chai. Hakuna kocha. Kuna mimi. Wamempa mwizi ufunguo wa ghala na kumshukuru kwa kuupokea.

Ijumaa, 21 Juni

Kesho ni kesho. Naweka hesabu sawa. Tunacheza na vinara wa ligi. Wao wamepoteza mechi moja mwanzoni, lakini hawatoki sare ovyo kama sisi, kwa hiyo wanatuzidi pointi mbili. Tukishinda, kikombe chetu. Tukitoka sare, kikombe chao, ila hatujafungwa na Mkuu atapata chumba chake. Tukifungwa, chumba ni changu.

Nimepanga kikosi. Twiga mshambuliaji wa kati. Sindano golini. Kabati winga, akimbie. Nilipowasomea, niliandaa maneno ya falsafa endapo watabisha. Hawakubisha. Walitazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema safari hii tutawachanganya mpaka wasahau kwao. Imani ya aina hiyo inachosha kuitazama.

Jambo lingine, la kero tu. Twiga amewahadithia wenzake habari za wapishi mpaka karibu na mwisho, akagoma kumtaja muuaji. Sasa wanakuja nyumbani mmoja mmoja. Huyu anataka cha wapishi, yule anauliza kama kuna kingine cha namna ile, Kabati anataka chenye picha lakini kiwe cha watu wazima. Leo mchana wamepekua maboksi matatu. Sina nafasi ya kuwahudumia. Nina timu ya kuangamiza.

Shangazi amenikumbusha kwamba mwenye duka ameshaulizia uzito wa maboksi.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekaa kitandani na filimbi ya watu shingoni. Nijaribu kuandika kwa mpangilio.

Kipindi cha kwanza kilikwenda kama nilivyokiota. Twiga alikuwa anajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe. Kabati alikimbia mara mbili, akaomba maji. Sindano golini alikuwa anaukwepa mpira badala ya kuudaka. Wakatufunga moja. Upande wa pili nilimwona Mkuu amekaa ameshika kichwa. Nami nikafumba macho nikaanza kupanga kamusi kwenye rafu ya juu.

Mapumziko, vijana wakakaa chini kunizunguka. Hawakulalamika. Ningependa walalamike. Twiga alikuwa na majani kichwani. Akasema:

"Dada, niambie ukweli. Unajua unachofanya, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Haukuwa uongo. Akasema basi sawa, akaenda kunywa maji. Nikapiga moyo konde. Vitabu kwanza.

Ningeshinda. Nasema ningeshinda, kama mwalimu wa wale wengine asingekuja kunisalimia. Mtu mpole, taulo jeupe begani, sauti ya daktari wa watoto. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usiumie, dada yangu. Kosa si lako, ni la waliokuleta hapa. Vitabu ni vitabu, mpira ni mpira. Maliza tu mechi, kisha urudi kwenye rafu zako."

Hakunitukana. Angenitukana ningemsamehe. Alinihurumia! Mimi, ambaye kila kosa lililokuwa pale uwanjani nililitunga kwa mkono wangu, kwa makini, kwa siku kadhaa, naambiwa nimeshindwa kwa kutojua. Na rafu zenyewe sina!

Damu ikanipanda kichwani. Nikajisikia nikipuliza filimbi ya Kocha. Nikajisikia nikisema Twiga golini, Sindano mbele, Kabati rudi kwako, na mtu asinichekee. Vijana wakasema, aah, kumbe ndiyo maana, ulikuwa mtego. Wakaingia kama nyuki.

Tulishambulia kipindi kizima. Sindano aligonga mlingoti. Akagonga tena. Mimi nilikuwa mstari wa pembeni, nikipiga kelele ambazo sikujua ninazo, mpaka mshika kibendera akaniomba nirudi nyuma. Dakika za nyongeza, tukapata kona. Ya mwisho, kila mtu aliona. Na hapo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenilazimisha. Nikaita, "Twiga! Nenda!"

Akaacha goli lake akaja, miguu ile mirefu, hatua chache tu. Mpira ukapanda. Kichwa cha binamu yangu kikapanda juu ya vichwa vyote. Nyavu zikatikisika.

Nilimkumbatia mtu aliyekuwa nyuma yangu. Alikuwa Kocha, na kofia iliyoshushwa mpaka puani, amekuja kwa siri. Tulirukaruka pamoja. Kisha tukatambuana, tukaachiana.

Moja kwa moja. Filimbi ya mwisho.

Ni pale nilipomwona Mkuu akija mbio, mikono juu, akilia hatujafungwa, hatujafungwa, ndipo nilipokumbuka mimi ni nani na nilikwenda pale kufanya nini.

Jumatatu, 24 Juni

Nimepoteza chumba, nikasema angalau nihudhurie mazishi yake.

Mkuu alikuwa amemwita fundi seremala tangu wiki iliyopita. Rafu zangu zimewekewa milango ya vioo. Walimu wote tulisimama korido. Kufuli likafunguliwa, tukaingia. Chumba kimepakwa rangi, kinang'aa, madirisha mawili kama nilivyosema. Na ndani ya vioo hamna kitu.

Kikombe kimekwenda kwa wale wengine, kwa pointi. Sisi tumepata barua ya pongezi, na Kocha amekwenda nayo nyumbani kwake. Mkuu alitazama rafu ya juu, ya kati, ya chini. Keshokutwa wanakuja wakaguzi wa elimu, na ameshawatumia ujumbe kwamba atawaonyesha chumba cha vikombe. Sijawahi kumwona mtu aliyeshinda akiwa na sura ile.

Ndipo tukasikia mkokoteni uani. Shangazi. Amechoka kungoja mwisho wa mwezi, na mwenye duka ametoa visingizio kuhusu nafasi, kwa hiyo amevileta vitabu shuleni vikae hata kwenye mvua. Timu nzima ilikuwa inamsaidia kusukuma. Akaingia akipangusa jasho, akaangalia vioo vitupu, akamwangalia Mkuu kama anavyomwangalia mteja aliyeleta kitambaa kifupi.

"Mkuu, rafu tupu ni aibu. Si uweke hivi mpaka kikombe kije?"

Mkuu akafikiri. Akakohoa. "Mpaka kikombe kije," akasema.

Kufikia saa nane vilikuwa vimepangwa. Riwaya huku, kamusi kule. Kabati alibeba maboksi mawili mawili. Twiga alikaa sakafuni na kitabu kipya, nikamruka mara kadhaa. Nilikwenda nje ya dirisha, nikatazama ndani kama mpita njia. Nikarudi. Nikatoka tena.

Kabla ya kuondoka Mkuu ameniita. Amesema Kocha amekubali kurudi, kwa sharti kwamba mimi niwe msaidizi wake, jambo ambalo mpaka sasa silielewi. Amesema kwa vichwa viwili kama hivyo msimu ujao kikombe kitakuja tu, na hapo tutavitafutia vitabu mahali pengine. Nifikirie, nimjibu kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 26 Juni

Nimetafakari sana. Mtu mwingine angejiambia: chumba unacho, wasomaji unao (leo mchana walikuwa wamejaa hata sehemu ya kusimama hakuna, nilishindwa kuwaza), achana na mpira. Lakini mtu mwingine hafikirii mbali. Kikombe kikija, vitabu vinatoka. Wakifungwa, Mkuu atakasirika, atatafuta wa kumlaumu, na anayekaa karibu na ofisi yake ni mimi.

Sasa naona wazi nilipokosea. Nilitaka wafungwe. Ulikuwa mpango wa kitoto, hauna hekima wala uangalifu. Wanachotakiwa ni kutofungwa na kutoshinda. Sare. Msimu mzima wa sare, moja baada ya nyingine, kwa amani. Wala haihitaji kumvuruga mtu yeyote, inahitaji mafunzo tu.

Kwa hiyo sikungoja Ijumaa. Asubuhi nimemwambia Mkuu nimekubali. Saa tisa nilikuwa uwanjani na filimbi yangu mwenyewe, na zoezi la kwanza nimelipanga mimi: kila mshambuliaji apige mwamba wa juu, katikati kabisa, mpira urudi uwanjani. Kocha aliniuliza faida yake. Nikamwambia ni shabaha, nimesoma mahali. Akaandika.

Sindano amejifunza haraka mno. Amegonga mwamba kila mpira niliompa. Tatizo dogo ni kwamba yote iliangukia ndani ya goli. Kesho nitawafundisha kupiga juu zaidi.